Uso Mmoja kwa Wakati: Vijisanamu vya Mezani na Malezi Yetu



Michezo mitatu ya mezani katika seminari yetu haihitaji maelezo: bao, drafti na karata. Kila aliyepita hapa ameicheza, au amesimama nyuma ya wachezaji akitoa ushauri usioombwa. Wa nne unahitaji maelezo. Tumeulizwa juu yake na walezi, na wanafunzi wenzetu, hata na wazazi waliotutembelea siku ya somo wa seminari, tukaona afadhali tuandike. Ni mchezo wa vijisanamu: askari wadogo wa plastiki wenye urefu wa milimita 28 hivi, sawa na kiungo cha juu cha kidole gumba, wanaopakwa rangi kwa mkono kisha kupangwa mezani kupigana kwa dadu na futi ya kupimia.

Sisi ni mafrateri wanne wa mwaka wa pili wa falsafa. Mkubwa wetu ana miaka 26, mdogo 24, na anayetushikia kalamu ana 25. Hakuna hata mmoja wetu aliyekulia katika mchezo huu. Tulikulia kwenye drafti ya vizibo vya soda, ambamo kizibo kilichofunuliwa ni adui wa kizibo kilichofunikwa, na hakuna anayeuliza zaidi. Vijisanamu tulivirithi. Padre mmoja mmisionari, mzee, aliyetufundisha Kilatini, alirudi kwao Uingereza kupumzika, akatuachia sanduku la bati lenye vijisanamu 126. Kati ya hivyo, 31 alikuwa amevipaka rangi mwenyewe. Vingine 95 vilikuwa bado plastiki ya kijivu, baadhi vikiwa havijakatwa kutoka kwenye fremu zake. Kulikuwa na askari wa Kirumi, askari wa enzi za Napoleon, farasi kadhaa, na kundi dogo la mazimwi wenye meno marefu. Alitwambia kitu kimoja tu: "Msinunue vingine kabla ya kumaliza hivi."

Mchezo ulikotoka

Wengi hudhani ni mchezo wa watoto wa Ulaya. Historia yake ni nzito kuliko hivyo. Mwaka 1824 ofisa wa jeshi la Prussia, Georg von Reisswitz, alichapisha kanuni za mchezo wa vita uliochezwa juu ya ramani kwa vipande vidogo na dadu, na jeshi lake likautumia kuwafundisha maofisa. Upande wa watoto, mafundi wa Nuremberg walikuwa wakimimina askari bapa wa bati tangu karne ya 18. Mwaka 1893, London, kampuni ya William Britain ilianza kutengeneza askari wa risasi walio wazi ndani, hivyo wepesi na wa bei nafuu zaidi.

Mito hiyo miwili ilikutana mwaka 1913, pale mwandishi Mwingereza H. G. Wells alipochapisha kitabu kidogo kiitwacho Little Wars, chenye kanuni za kupigana sakafuni kwa askari wa kuchezea na mizinga midogo ya springi. Mwishoni mwa kitabu hicho Wells anageuka na kuipinga vita yenyewe. Anapendekeza, nusu kwa utani, kwamba wakubwa wa dunia wenye hamu ya vita wafungiwe chumbani na askari wa bati, wapigane humo hadi waridhike, na watu wengine waachwe waishi.

Ilikuwa 1913. Tutaurudia mwaka huo.

Baadaye mchezo ulipata matawi mengi. Games Workshop, kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1975, ilitoa Warhammer mwaka 1983, mchezo ambao jeshi lake si la historia bali la kubuni, lenye mazimwi, mbilikimo na mashujaa wa ngano. Leo makao ya kampuni hiyo yako Nottingham, na wako watu katika nchi nyingi ambao jioni zao huishia kwenye meza yenye taa, brashi na askari mmoja wa plastiki. Wengi wao hupaka rangi kuliko wanavyocheza. Wako wasiocheza kabisa.

Kazi ya mikono

Mwezi wa kwanza hatukuelewa kwa nini mtu apake rangi bila kucheza. Mwezi wa tatu tulielewa.

Kwanza kijisanamu hukatwa kutoka kwenye fremu kwa koleo dogo. Kisha hukwanguliwa kwa wembe ule mstari mwembamba unaoachwa na kalibu pale nusu zake mbili zinapokutana. Mstari huo hauonekani kirahisi kwenye plastiki tupu, lakini rangi ikishapita unatokeza kama kovu, na hapo umechelewa. Baada ya kugundisha mikono na kichwa, tunakibandika juu ya kichupa kitupu cha dawa ili tukishike kichupa na si askari. Hufuata rangi ya msingi, nyeusi au ya kijivu, inayoifanya plastiki ishike rangi nyingine.

Rangi zetu ni za akriliki, zile za vichupa zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya shule na sanaa mjini. Kanuni ya kwanza ni kuzipunguza kwa maji. Tabaka mbili nyembamba zinashinda moja nene, kwa sababu tabaka nene huziba makunjo ya nguo na kumfanya askari aonekane amechovywa kwenye uji. Katika joto letu rangi hukauka upesi, hivyo tunaweka sponji yenye maji kwenye kifuniko cha bakuli la plastiki, juu yake karatasi ya kuokea keki, na juu ya karatasi ndiyo rangi. Unyevu hupanda kidogo kidogo na rangi inadumu jioni nzima.

Baada ya rangi za nguo, ngozi na chuma, tunapitisha maji ya rangi ya kahawia au nyeusi. Hayo hutiririka na kutulia kwenye mabonde: chini ya kidevu, kati ya vidole, ndani ya mikunjo. Halafu brashi iliyokaushwa kwenye kitambaa, yenye rangi hafifu iliyopauka, hupitishwa juu ya vilima: magoti, mabega, ncha ya pua. Kwa hatua hizo mbili kivuli na mwanga vinaingia ndani ya kitu chenye urefu wa kiungo cha kidole, na ghafla kinakutazama. Macho huja mwisho kwa ncha ya kijiti cha meno, na hapo kila mmoja wetu huacha kuvuta pumzi. Tabaka la vanishi likikauka, kazi imekwisha. Kijisanamu kimoja hutuchukua saa nne hadi sita, yaani Alhamisi mbili za mapumziko au tatu.

Darasani jambo hili limezaa mabishano. Aristotle, anapoeleza visababishi, anachukua mfano wa sanamu na shaba yake: shaba ni maada, na sura ya sanamu ni umbo. Mmoja wetu alidai kwamba rangi kwa hiyo ni aksidenti tu, kwani kijisanamu ni kijisanamu hata bila rangi. Mwingine akamjibu kwamba amekaa na askari 12 wa kijivu kwa mwaka mzima na hajui hata mmoja wao yukoje. Alimjua wa kwanza siku aliyompaka rangi na kugundua kwamba mchongaji alikuwa amemwekea jino lililovunjika. Mjadala haujafungwa. Mhadhiri wetu wa metafizikia ameukataa kama swali la mtihani.

Kukusanya na kumaliza

Wapenzi wa mchezo huu wa huko Ulaya wana utani juu ya rundo la vijisanamu vilivyonunuliwa na havijaguswa. Wanaliita rundo la aibu. Kununua ni dakika moja na kupaka rangi ni wiki, kwa hiyo rundo hukua lenyewe. Padre wetu mzee alikuwa nalo, na sanduku tulilorithi ni kipande chake.

Mlezi wetu alipopita mezani petu mara ya kwanza hakutuuliza bei. Aliuliza: "Nyinyi mnakusanya au mnafanya kazi?"

"Tunafanya kazi, Baba," tukajibu.

"Basi nionyesheni iliyokwisha."

Swali hilo linatufaa sana sisi tunaotazamia upadre wa jimbo. Hatutaweka nadhiri ya ufukara kama watawa, lakini Kanisa linatutaka tuishi kwa kiasi, na parokia nyingi tutakazotumwa zina watu wanaohesabu nauli ya daladala. Padre mwenye kabati la vitu vya thamani asivyovigusa anahubiri kitu bila kufungua mdomo. Kwa hiyo tulijiwekea kanuni tatu. Hatununui kijisanamu kipya mpaka sanduku liishe. Rangi tunanunua kwa kuchangiana, kichupa kimoja kimoja. Na hakuna anayemiliki. Askari aliyekwisha ni wa meza, na tutakapoondoka sanduku litabaki kwa watakaotufuata.

Mchezo wenyewe hatuna haya ya kuutetea. Mtakatifu Thoma wa Akwino aliujadili katika sehemu ya pili ya Summa Theologiae, swali la 168. Anaikumbuka habari iliyosimuliwa na Kasiano: watu walikwazika kumwona Mtume Yohane akicheza na wanafunzi wake, naye akamwambia mmoja wao mwenye upinde arushe mshale, kisha mwingine na mwingine, halafu akamuuliza kama angeweza kuendelea bila kupumzika. Upinde ungevunjika, akajibiwa. Na roho ya mtu hali kadhalika. Thoma, akimfuata Aristotle, anaweka uchangamfu wa kiasi kati ya fadhila, na anaona kasoro pande zote mbili: kwa anayezidisha mchezo na kwa asiyeweza kucheza kabisa akawa mzigo kwa wenzake. Naye Mtakatifu Teresa wa Avila, alipokuwa akiwafundisha watawa wake sala katika Njia ya Ukamilifu, alichukua mfano wa sataranji: malkia anayemshinda Mfalme wa mbinguni ni unyenyekevu. Alizijua kete vizuri.

Kwa hiyo tulikuwa na majibu kwa walezi, kwa wazazi na kwa darasa. Swali lililobaki lilitoka mezani kwetu wenyewe.

Swali la ndugu yetu

Mmoja wetu anatoka Kigoma. Ndiye fundi kuliko sisi sote katika nyuso; ile kazi ya kijiti cha meno tunampelekea yeye. Lakini alikuwa hachezi. Tukipanga majeshi alikuwa akiosha brashi, na dadu zikianza kurushwa alikuwa akienda kusoma. Tulidhani ni tabia yake ya upole. Jioni moja, bila kuinua macho kutoka kwenye kazi yake, alisema: "Humu sandukuni kuna askari, kuna farasi, kuna mpaka mbwa wa jemadari. Wenye mizigo wako wapi?"

Mwaka 2015 alikuwa na miaka 14. Mwezi Mei mwaka ule alisimama bandarini Kigoma akaiona MV Liemba ikishusha wakimbizi wa Burundi waliochukuliwa Kagunga, kijiji cha ufukweni karibu na mpaka, ambako maelfu walikuwa wamekwama. Walishuka na magodoro, masufuria na watoto mgongoni.

Meli ile ina historia inayotugusa. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, mwaka uleule wa kitabu cha Wells. Ililetwa kwa vipande hadi Dar es Salaam, ikapandishwa reli mpaka Kigoma, na mwaka 1915 ikaingia Ziwa Tanganyika kwa jina la Graf von Goetzen, ikiwa na silaha. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isije ikaangukia mikononi mwa adui. Iliibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kama Liemba.

Ombi la Wells kwa wakubwa wa dunia halikusikilizwa hata kwa mwaka mmoja na nusu. Mnamo Agosti 1914 vita kuu ilikuwa imeanza, na Novemba mwaka huohuo mizinga ilikuwa ikilia Tanga. Huku kwetu vita ile ilipiganwa juu ya vichwa vya wapagazi, kwa maana kamili ya maneno hayo. Pande zote mbili zilichukua watu wa kubeba chakula na risasi mahali ambapo hapakuwa na barabara wala punda aliyeweza kuishi kwa mbung'o. Walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Kikosi cha wapagazi cha Waingereza, Carrier Corps, ndicho kilichotuachia jina la Kariakoo. Watu hununua viatu na simu Kariakoo kila siku bila kuwakumbuka.

Kwa hiyo swali la wenye mizigo halikuwa la upole. Lilikuwa linauliza kama meza yetu inasema ukweli juu ya vita, au inasema sehemu ile tu inayopendeza kupakwa rangi.

Alilijibu kwa mikono. Alichukua waya wa shaba uliotoka kwenye kipande cha waya wa umeme, akaukunja ukawa mifupa ya mtu anayetembea. Juu yake akaweka ile gundi ya pande mbili inayokandwa kama unga, ambayo mafundi bomba huzibia mabomba yanayovuja. Inaanza kukauka ndani ya muda mfupi, hivyo alifanya kidogo kidogo: leo sketi, keshokutwa mgongo, wiki iliyofuata mzigo kichwani na mtoto mgongoni. Kitenge alikipamba kwa nukta za njano na buluu, kila nukta kwa ncha ya kijiti. Alikaa naye wiki tatu. Yule mama ana milimita 28 bila mzigo, na anatazama mbele, si nyuma.

Tulimuuliza kama haoni vibaya kumgeuza mkimbizi kuwa kete. Lilikuwa swali la haki na hakulikwepa. Alisema kwamba siku ile bandarini kila mtu alikuwa akitaja idadi: wameshuka mia ngapi, wamebaki elfu ngapi. Haikuwa kosa la mtu. Bila hesabu usingejua upike ugali kiasi gani. Lakini yeye aliondoka na namba, na sura zote zikawa zimempotea. "Huyu angalau nimekaa naye," alisema.

Meza ilivyobadilika

Wenye mizigo sasa wako wanane: kina mama watatu, mzee mwenye fimbo, vijana wawili wenye godoro, na wapagazi wawili wa zamani wenye masanduku kichwani. Tumewaandikia kanuni zao. Meza ina mto katikati na daraja moja. Majeshi mawili yako pande mbili kama kawaida, lakini mshindi ni yule ambaye upande wake umewavusha wengi kati ya wale wanane. Asiye na silaha halengwi. Hata hivyo, kila bunduki inapolia ndani ya futi moja kutoka walipo, tunarusha dadu, na wanarudi nyuma inchi kama dadu ilivyosema. Hawakimbii unakotaka wewe. Wanakimbia kelele.

Tulipoujaribu mara ya kwanza, mmoja wetu alishinda kila mapambano, hakupoteza askari zaidi ya wawili, na wenye mizigo walibaki wote ng'ambo ile waliyoanzia. Alitazama jeshi lake zima, safi, likiwa limesimama darajani, akacheka kwa namna ambayo haikuwa ya furaha. Tangu hapo tumejifunza kwamba mchezaji mzuri hapo ni anayejua ni wapi asipige. Ni vigumu kuliko kupiga, na dadu hazisaidii.

Ndugu yetu wa Kigoma sasa hucheza. Si kila mara. Zipo Alhamisi anapoosha brashi na kwenda kusoma kama zamani, nasi hatumwiti.

Hatudai kwamba plastiki na gundi vinatengeneza mapadre. Hiyo ni kazi ya Roho Mtakatifu, sala na masomo, na walezi wenye subira. Lakini tunajua kinachotungoja. Parokia ni kazi ya hesabu pia: vitabu vya ubatizo na ndoa, zaka, jumuiya ndogondogo, waliokuja kitubio Ijumaa Kuu. Askofu ataomba takwimu na tutampelekea, na ni lazima ziwe sahihi. Hatari ni kufanana na wenye rundo la aibu, tukawa na watu elfu kadhaa kwenye daftari na tusijue hata mmoja yukoje. Kijisanamu kinatuzoeza kitu kidogo sana, kukaa saa tano mbele ya uso mmoja ambao hautatupa chochote, mpaka tuone jino lililovunjika. Kama tutaweza hilo kwa plastiki, hatutakuwa na udhuru mbele ya bibi anayekuja ofisini kwa mara ya nne na maneno yaleyale.

Katika miaka hii miwili tumemaliza vijisanamu 58 kati ya 95. Vimebaki 37, wengi wao askari wa Napoleon wenye vifungo vingi mno. Meza iko chumba cha mapumziko, upande wa dirisha, Alhamisi baada ya kazi za mikono mpaka kengele ya Masifu ya Jioni. Frateri yeyote anakaribishwa. Utapewa askari mmoja, na hutapewa wa pili mpaka wa kwanza akauke vanishi.